Goti Si Kamba: Sayansi ya Mikao ya Taamuli ya Kibudha

Binadamu ana namna nyingi za kukaa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1955 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Gordon Hewes, alichapisha uchunguzi juu ya mikao ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia, akakadiria kwamba mikao ambayo mwili waweza kuishika kwa utulivu hufikia kama 1,000. Wako wanaochuchumaa, wanaopiga magoti, wanaokunja miguu mkekani, wanaonyosha miguu mbele. Na wako waliokwisha kuzoea kiti hata sakafu ikawa kwao mahali pa adhabu. Katika mikao yote hiyo, upo mmoja uliopata sifa kuliko mingine: ule wa miguu iliyopandana, kila unyayo ukiwa juu ya paja la upande wa pili, kama tuuonavyo katika masanamu mengi ya Budha. Huitwa mkao wa yungiyungi, kwa jina la ua liotalo majini.

Siku hizi watu wengi wasio Wabudha nao hujifunza taamuli, yaani zoezi la kuketi kimya na kuituliza akili juu ya jambo moja, aghalabu pumzi. Mwanafunzi mgeni huanza kwa kuiga sanamu. Huvuta mguu wake kwa mikono miwili, hukaza meno, na baada ya robo saa huinuka akichechemea. Wengi hupata ganzi tu, nayo hupita. Wachache huumia goti, na goti lililochanika gegedu si jambo la kupita. Basi hapa hatutajadili imani ya mtu. Twataka kuuliza maswali matatu ya anatomia na fizikia: mkao huu watafuta nini? Waudai mwili nini? Na katika maumivu yanayofuatana nao, yapi ni ya kuvumiliwa na yapi ni ya kutiiwa?

Asili ya mkao huu

Kwa mujibu wa mapokeo, Siddhartha Gautama aliketi chini ya mti wa jamii ya mitini mahali panapoitwa Bodh Gaya, katika jimbo la Bihar nchini India, na hapo ndipo alipopata mwangaza uliomfanya aitwe Budha. Katika maandiko ya kale ya Kipali, mwanafunzi wa taamuli ya pumzi huelekezwa akunje miguu na kuunyosha mwili. Lakini katika mafundisho yaitwayo Satipatthana Sutta yametajwa mambo manne ambayo mtu apaswa kuyafanya kwa uangalifu: kutembea, kusimama, kuketi na kulala. Kwa hiyo hata katika chimbuko lake taamuli haikufungwa kwenye mkao mmoja.

Mtawa wa Kijapani Dogen, aliyeishi tangu 1200 hadi 1253, alirudi kutoka China mwaka 1227 na kuandika mwongozo wa kuketi uitwao Fukanzazengi. Humo alikubali mikao miwili: yungiyungi kamili, na nusu yungiyungi, ambapo mguu mmoja tu ndio upandishwao juu ya paja. Aliagiza pia utandikwe mkeka mnene, na juu yake uwekwe mto. Mto huo wa mviringo huitwa zafu, na maana ya asili ya neno hilo yatokana na mmea wa majini uliotumiwa kuutengeneza. Baadaye watu walianza kuujaza sufi, kitu tunachokifahamu sana sisi wa nchi zenye misufi.

Ukienda Burma, nchi ambayo sasa huitwa Myanmar, utawakuta watu wakiketi na miguu yote miwili sakafuni, mmoja mbele ya mwingine, pasipo kupandanisha. Nchini Thailand, mbele ya mtawa au sanamu, heshima hudai miguu yote ikunjwe upande mmoja. Wajapani wana mkao wa kupiga magoti na kukalia visigino, uitwao seiza. Hata Dar es Salaam, katika mtaa wa Upanga, lipo hekalu la Kibudha lililoanzishwa na watu wenye asili ya Sri Lanka enzi ya utawala wa Waingereza. Basi hakuna mkao mmoja wa Wabudha wote. Kilicho kimoja ni kusudi: mwili ukae wima, utulie, wala usihitaji kushughulikiwa kwa muda mrefu.

Msingi wenye pembe tatu

Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kitu husimama imara ikiwa kitovu chake cha uzito ki chini, na ikiwa mstari ushukao wima kutoka kitovu hicho huangukia ndani ya msingi wake. Jiko la mafiga matatu halitikisiki hata ardhi ikiwa na mabonde. Mikao ya taamuli hufuata kanuni hiyohiyo: magoti mawili na matako hufanya pembetatu pana, na kiwiliwili husimama juu yake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mkao wa kukunja miguu kupendwa. Mtu aweza kusinzia kidogo bila kuanguka.

Lakini pembetatu hiyo hupatikana tu magoti yanapogusa chini. Mtu asiyezoea akikunja miguu juu ya sakafu tupu, magoti yake huelea hewani. Hapo amebakiwa na tegemeo moja la nyuma, na misuli ya mapaja na ya mgongo hulazimika kumshikilia asianguke kinyumenyume. Hachoki kwa sababu taamuli ni ngumu. Anachoka kwa sababu figa mbili hazijafika chini.

Fupanyonga na uti wa mgongo

Tatizo la pili li katika fupanyonga, yaani bakuli la mifupa ambalo juu yake uti wa mgongo umesimama. Uti wa mtu aliyesimama si mnyoofu kama fimbo. Sehemu ya kiunoni hubonyea kwa ndani. Mbonyeo huo hutegemea mwinamo wa fupanyonga. Likiinama mbele kidogo, mbonyeo hubaki. Likibiringika nyuma, mbonyeo hupotea na mgongo hufanya kibyongo.

Mwaka 1953 daktari wa Kimarekani, J. J. Keegan, alichapisha picha za eksirei zilizoonyesha jinsi pembe kati ya paja na kiwiliwili inavyobadilisha umbo la kiuno. Aliona kwamba misuli ya mbele na ya nyuma ya paja hulingana vizuri pembe hiyo inapokuwa kama nyuzi 135. Ikipunguzwa hadi nyuzi 90 au chini yake, misuli ya nyuma ya paja, ambayo imeshikana na mifupa ya kukalia, huvuta fupanyonga nyuma, na kiuno hupoteza mbonyeo wake. Tangu miaka ya 1970 daktari wa Kidenmark, A. C. Mandal, alitumia hoja ya namna hiyohiyo kudai viti vya shule viinamishwe mbele.

Sasa twaweza kueleza kazi ya mto wa Dogen. Mto hauwekwi kwa ajili ya ulaini. Huwekwa ili nyonga ziwe juu kuliko magoti, pembe ifunguke, fupanyonga liiname mbele, na magoti yashuke chini. Kitu kimoja kimetatua matatizo mawili.

Na tufanye hesabu ndogo. Tuchukue mtu mwenye uzani wa kilo 60, ambaye sehemu ya mwili iliyo juu ya kiuno ina kilo 35, yaani nguvu ya nyutoni 350 hivi. Akijikunja hadi kitovu cha uzito wa sehemu hiyo kiwe sentimita 10 mbele ya pingili za kiuno, atakuwa na momenti ya nyutonimita 35. Misuli na kano za mgongo zilizo nyuma ya pingili hufanya kazi kwa mkono mfupi wa kama sentimita 5 tu. Ili kusawazisha momenti hiyo hazina budi kuvuta kwa nyutoni 700. Basi kiuno chabeba 350 na 700, jumla nyutoni 1,050, mara tatu ya mzigo wa mwanzo. Kitovu kikirudishwa juu ya pingili, mvuto huo wa nyutoni 700 karibu wote hutoweka.

Vipimo vya maabara vimethibitisha jambo hili, ingawa si bila kusahihishana. Katika miaka ya 1960 na 1970 Msweden Alf Nachemson aliingiza sindano ya kupimia ndani ya visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili, akaona kwamba kukaa bila egemeo huleta shinikizo kubwa kuliko kusimama. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake nchini Ujerumani walirudia jambo hilo kwa kipimo cha kisasa zaidi. Walipata megapaskali 0.5 kwa kusimama, na 0.46 kwa kukaa kwa utulivu. Kukaa kwenyewe, basi, hakukuwa kosa. Lakini mtu yuleyule alipokaa na kuinama mbele kabisa, shinikizo lilipanda hadi 0.83. Kipimo hicho kilifanywa kwa mtu mmoja tu, wala hakitoshi kutunga sheria. Hata hivyo, chaelekea upande mmoja na hesabu yetu.

Nyonga huzunguka, goti hukunjika

Twaja sasa kwenye jambo lenye hatari. Kiungo cha nyonga kimeundwa kwa kichwa cha mviringo ndani ya kikombe; kwa hiyo paja laweza kwenda mbele, nyuma, kando, na kuzunguka. Goti limeundwa karibu na mfano wa bawaba ya mlango: kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua, na huzunguka kidogo tu linapokuwa limekunjwa. Ili unyayo upande juu ya paja la pili, paja lenyewe lapaswa kuzunguka sana kwa nje ndani ya kikombe cha nyonga. Nyonga ikikataa, mtu akaendelea kuuvuta mguu, mzunguko uliokosekana hutafutwa kwenye kiungo kinachofuata, nacho ni goti.

Ndani ya goti mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyokaa kati ya fupa la paja na muundi. Goti lililokunjwa kabisa na kusokotwa huvibana vipande hivyo kama kidole kwenye bawaba. Vyaweza kuchanika. Tena sehemu yake ya ndani haifikiwi na mishipa ya damu, na kisichofikiwa na damu hakiponi vyema. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba goti si kamba.

Wengine husema, "Nitajinyosha kila siku, mwishowe mguu utapanda." Kwa misuli na kano hilo huenda likawa kweli kwa kiasi fulani. Lakini kina cha kikombe cha nyonga, upande kinakoelekea, na pembe ya shingo ya fupa la paja havilingani kwa watu wote. Kuna watu ambao mfupa wao hugonga mfupa kabla ya mguu kufika. Mfupa haunyoshwi kwa bidii. Mtu wa namna hiyo akimwona jirani yake amekaa yungiyungi bila taabu, asidhani kwamba jirani amemzidi kwa moyo. Amemzidi kwa umbo la kikombe.

Ganzi hutoka wapi?

Watu wengi husema mguu umekufa ganzi kwa sababu damu haipiti. Maelezo hayo yana nusu ya ukweli. Mwaka 1931 mjini London, Thomas Lewis na wenzake waliwafunga watu mkono kwa mfuko wa hewa wenye shinikizo lililozidi la damu, wakafuatilia jinsi hisia inavyopotea. Walionyesha kwamba ganzi hutokana na neva zenyewe kukosa damu pale zinapobanwa, si kwa sababu ngozi ya vidole imekosa damu. Kibano kikiondolewa, damu huirudia neva, nayo huamka ikituma ishara za ovyo. Ndipo tunapohisi kama sindano.

Katika kuketi, neva hubanwa mahali pawili hasa. Ya kwanza ni neva kubwa ya mguu, ipitayo chini ya tako, ambayo ukingo mgumu wa mto waweza kuikandamiza. Ya pili ni tawi lake lipitalo upande wa nje chini kidogo ya goti, juujuu karibu na ngozi, likizunguka kichwa cha mfupa mwembamba. Tawi hili huiamuru misuli inyanyuayo unyayo. Mwaka 1971 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha taarifa ya kijana aliyekuwa akikalia visigino kwa saa nyingi kila siku, hata akashindwa kunyanyua nyayo zake zote mbili alipotembea. Aliposhauriwa kuuacha mkao huo, alipata nafuu.

Ganzi ipitayo kwa dakika chache baada ya kubadili mkao haina madhara kwa mtu mzima wa afya. Lakini mtu asisimame kabla hisia haijarudi, maana mguu usiohisi hupinda kifundo na kumwangusha mwenyewe. Ikiwa udhaifu umebaki, au vidole havinyanyuki, huyo amwone daktari.

Maumivu ya kuvumilia na ya kutii

Hapa msomaji mwenye kuijua taamuli aweza kupinga. Je, si sehemu ya mafunzo kuyatazama maumivu bila kukimbia? Katika kozi za siku 10 zilizoanzishwa nchini India mwaka 1969 na S. N. Goenka, aliyezaliwa Burma na kufariki mwaka 2013, wanafunzi hufikia hatua ya kuketi saa nzima pasipo kubadili mkao. Pingamizi hili ni la haki, na sayansi imelichunguza. Mwaka 1982 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alitoa taarifa ya wagonjwa 51 wenye maumivu sugu waliofundishwa taamuli kwa majuma 10. Zaidi ya nusu yao walipungukiwa na maumivu kwa theluthi moja au zaidi, ijapokuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2011 Fadel Zeidan na wenzake, pia nchini Marekani, waliwafundisha watu 15 kwa siku 4, kisha wakawagusisha kitu chenye joto la nyuzi 49 za Selsiasi. Kwa wastani, ukali wa maumivu ulipungua kwa asilimia 40, na kero yake kwa asilimia 57.

Matokeo haya yanapendeza, lakini tuyasome kwa uangalifu. Yaonyesha kwamba taamuli hubadili jinsi ubongo unavyoipokea ishara. Hayaonyeshi kwamba hubadili kinachotendeka ndani ya goti. Mlinzi aweza kujizoeza asishtuke kila kengele inapolia. Ikiwa nyumba inaungua kweli, mazoea hayo hayazimi moto. Hivyo basi, kadiri mtu anavyokuwa hodari wa kuvumilia, ndivyo anavyohitaji zaidi kujua ni kengele ipi inayolia.

Uchovu wa misuli huuma polepole, kwa eneo pana, katika mgongo, mabega au mapaja. Hubadilika mtu anapolegeza mwili, na hupungua upesi akiinuka. Huo waweza kutazamwa kwa subira. Maumivu ya kiungo huwa makali, mahali pamoja, ndani ya goti au chini ya kilegesambwa. Huongezeka kadiri mkao unavyoendelea, na pengine hubaki hadi kesho yake. Hayo ni ya kutii mara moja. Ikumbukwe pia kwamba Dogen hakuagiza mtu avunjike, na kwamba katika kozi za Goenka mwenye haja hupewa kiti. Kwenye mahekalu ya Zen, kipindi cha kuketi hukatizwa kwa kutembea polepole. Wenyewe walikwisha kuliona jambo hili kabla ya sindano za Nachemson.

Ushauri kwa anayeanza

Aanze na mkao wa Kiburma, miguu yote sakafuni juu ya blanketi. Akalie nusu ya mbele ya mto, na auongeze kimo hadi magoti yote mawili yaguse chini. Goti lisilofika liwekewe kitambaa kilichokunjwa. Magoti yakilalamika, apige magoti na kukalia kibao kifupi au mto uliowekwa kati ya miguu, ili uzito usishukie visigino. Hilo nalo likishindikana, achukue kiti, akae bila kuegemea, nyayo zikiwa bapa sakafuni. Mguu usivutwe kwa mkono kupita pale unapofika wenyewe. Dakika 10 zatosha kwa juma la kwanza.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu aweza kuonyesha sehemu kubwa ya haya kwa uzi, jiwe dogo na blanketi mbili. Mwanafunzi asiye na maumivu ya goti akunje miguu sakafuni. Mwenzake ashikilie timazi karibu na tundu la sikio lake, na apime ni sentimita ngapi uzi unapita mbele ya kiungo cha nyonga. Kisha blanketi zikunjwe hadi zifikie kimo cha sentimita 10 na kuwekwa chini ya matako, na kipimo kirudiwe. Kila kundi lifanye upya hesabu ya momenti tuliyoitoa hapo juu kwa tofauti waliyoipata, likichukulia kwamba kitovu cha uzito kimesogea kwa nusu ya umbali uliosogea sikio. Hatimaye wanafunzi walinganishe majibu ya watu warefu na wafupi, na wajadili kwa nini hayalingani. Kisha wayapime hivyohivyo madawati wanayoyakalia saa 6 kila siku.